Kuhifadhi, Kunakili, Kurejesha: Istilahi za Filamu Bubu na Utoaji Wake kwa Watazamaji wa Nyumbani

1. Kusudi la Makala

Wafasiri wengi hudhani kwamba taabu ya istilahi huanza pale ambapo Kiswahili hakina neno. Sisi tunaoshughulika na kazi hii kila siku tumeona kwamba taabu iliyo kubwa zaidi huanza pale ambapo neno lipo, tena ni jema na linaeleweka na kila mtu, lakini limebebeshwa kazi za maneno manne au matano. Neno la namna hiyo ni "kutengeneza". Fundi hutengeneza baiskeli iliyoharibika, mpishi hutengeneza chai, mwongozaji wa sinema hutengeneza filamu; na mhifadhi wa nyaraka anayebandika kipande kwa kipande ukanda uliokatika, naye husemwa kuwa anatengeneza filamu. Basi yakiandikwa katika jalada la diski maneno "filamu hii imetengenezwa upya", mnunuzi hana njia ya kujua anachoambiwa. Je, hadithi ya zamani imeigizwa tena na waigizaji wapya? Au ukanda wa zamani umesafishwa? Au sehemu zilizopotea zimepatikana na kurudishwa mahali pake?

Makala hii inakusudia kuyatenga maneno yanayohusu kazi moja maalumu, nayo ni kazi ya kuziokoa filamu bubu, yaani filamu zilizotengenezwa kabla ukanda wa sinema haujaanza kubeba sauti, na kuzitoa kwa watu wa leo wazitazame nyumbani kwao. Huenda msomaji akauliza mambo hayo yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili au mtumishi wa serikali. Jibu letu ni kwamba kila ofisi yenye stoo ya nyaraka, kila maktaba na kila makumbusho huwa na fomu, daftari au mkataba; na neno linaloandikwa katika fomu ndilo linaloamua ukanda utunzwe au utupwe. Mtumishi aliyeandika "imeshahifadhiwa" mahali palipostahili "imenakiliwa" ametoa ruhusa, pasipo kukusudia, ukanda wa asili uondolewe rafuni. Mfano wa jambo kama hilo, lililotokea katika filamu mashuhuri kabisa, tutauonyesha hapa chini.

2. Bubu au Kimya?

Hapana budi tuanze na jina lenyewe. Maneno matatu hutumika: "filamu bubu", "filamu ya kimya" na "filamu isiyo na sauti". Hili la tatu ni maelezo zaidi kuliko jina, na ni refu mno kwa matumizi ya kila siku. Shindano limo baina ya hayo mawili ya kwanza.

Neno "kimya" linavutia kwa upole wake, lakini linapotosha. Penye kimya hapana mawasiliano. Aliyenyamaza amekaa kimya kwa hiari yake, na mkutano uliotulia umekuwa kimya. Filamu hizi hazikuwa hivyo. Waigizaji wake husema, na midomo yao huonekana ikicheza. Mikono, macho na mwendo wa mwili hubeba maana. Na maneno yasiyoweza kufahamika kwa ishara huandikwa katika vibao vinavyokatiza picha. Bubu naye hana ukimya wa maana: anayo mengi ya kusema, naye huyasema kwa ishara. Kwa hiyo "bubu" lina picha iliyo karibu zaidi na ukweli. Tunafahamu kwamba tunapowataja binadamu adabu inatutaka tuchague maneno kwa uangalifu zaidi. Lakini hapa sifa inapewa ukanda, wala si mtu. Tunapendekeza basi "filamu bubu", kwa maana hii: filamu ambayo ukanda wake hauna njia ya sauti.

Maana hiyo ina faida yake, kwa sababu inasema kwamba bubu ni ukanda, si onyesho. Katika majumba makubwa ya sinema ya Ulaya na Marekani filamu bubu zilionyeshwa pamoja na bendi kamili ya wapigaji muziki, na katika majumba madogo palikuwa angalau na mpiga piano. Nchini Japani alisimama kando ya pazia msimulizi aliyeitwa benshi, akiyaeleza matukio na kuwasemea wahusika. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kutafuta mbali jina la kazi hiyo, maana katika mabanda ya video ya Dar es Salaam na Kampala wapo wasimuliaji waliopata sifa kwa kuzieleza filamu za kigeni mbele ya watazamaji. "Msimulizi wa filamu" basi ni istilahi iliyokwisha kukomaa mitaani. Yatupasa tuipokee tu.

Tena upo mfano wa hapa kwetu unaotuonyesha tofauti ya ukanda na onyesho. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo zipatazo 35 kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki na ya Kati. Kanda zake zilikuwa za upana wa milimita 16, na zilikuwa bubu. Maneno ya maelezo yaliwekwa katika santuri zilizopigwa sambamba na picha, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Hapo ukanda ni bubu na onyesho linasema. Mtunza nyaraka anayeandika "filamu ya kimya" anaweza asiulize kamwe santuri ziko wapi. Anayejua kwamba ukanda ndio ulio bubu ataziulizia.

3. Ukanda na Maradhi Yake

Hatuwezi kuyatenga maneno ya tiba kabla ya kuyajua maradhi. Kanda za sinema za zamani zilitengenezwa kwa seluloidi ya nitreti. Kitu hiki hutoa picha yenye mng'aro mzuri, lakini huwaka upesi mno, na kikiisha kushika moto hakizimiki hata kikitumbukizwa majini, kwa kuwa hujitolea oksijeni chenyewe. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, liliungua, na sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo ikateketea. Hata pasipokuwa na moto nitreti huoza: picha hufifia, ukanda hunata, na mwisho wake huwa unga. Viwanda viliacha kutengeneza kanda za nitreti mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kanda za asetati zilizochukua nafasi yake haziwaki ovyo, lakini nazo zina maradhi yake: zikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, hujikunja na kusinyaa.

Moto na uozo havikuwa peke yake. Sauti ilipoingia sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu zilionekana hazina faida tena, na kampuni nyingi zikaziteketeza ili kupata nafasi au kuikomboa fedha iliyomo katika kanda. Utafiti uliotolewa na Library of Congress mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu 10,919 zilizotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1912 na 1929. Kati ya hizo, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki zikiwa kamili katika ukanda wa asili wa milimita 35. Asilimia 11 nyingine zimebaki zikiwa kamili, lakini kwa njia ya nakala zilizopelekwa nchi za nje au nakala za kanda nyembamba.

Takwimu hizo zinatufundisha jambo la istilahi. "Filamu iliyobaki" si sifa moja. Ipo filamu iliyobaki katika ukanda wa asili, ipo iliyobaki katika nakala dhaifu, na ipo iliyobaki vipande. Fomu yenye sehemu mbili tu, "ipo" na "haipo", haitoshi.

4. Mfano wa Metropolis

Filamu ya Metropolis ya mwongozaji Fritz Lang ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, tarehe 10 Januari 1927. Ukanda wake ulikuwa na urefu wa meta 4,189. Haikudumu katika urefu huo. Kampuni ya Paramount iliikata sana kwa ajili ya watazamaji wa Marekani, na Ujerumani kwenyewe ikafupishwa mwaka huo huo. Zaidi ya robo ya filamu ikatoweka, na kwa miaka 80 wataalamu walikuwa wakitafuta vipande vyake katika nyumba za nyaraka za nchi mbalimbali.

Mwaka 2001 ilitokea kazi kubwa ya kuirejesha, iliyofanywa kwa kulinganisha nakala zilizobaki. Wataalamu walisaidiwa na vitu viwili visivyokuwa ukanda: kadi za ofisi ya udhibiti wa filamu ya Ujerumani, ambazo zilikuwa zimeandikwa maneno ya vibao vyote, na karatasi za muziki wa Gottfried Huppertz, ambazo zilikuwa na alama zinazoonyesha kila sehemu ya muziki inalingana na tukio lipi. Mwaka huo huo UNESCO iliiingiza filamu hii katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kisha, mwaka 2008, ikatangazwa kwamba katika makumbusho ya sinema ya Buenos Aires imepatikana nakala yenye karibu kila kitu kilichokosekana. Nakala ya umbo refu ilikuwa imefika Argentina tangu wakati filamu ilipokuwa mpya, kabla ya umbo hilo kutoweka. Baada ya miaka mingi, kwa kuhofia moto wa nitreti, ukanda wa milimita 35 ulinakiliwa katika ukanda wa milimita 16, na ule wa asili ukaondolewa. Walionakili walidhani wamehifadhi. Lakini ukanda ulionakiliwa ulikuwa umechakaa, na mikwaruzo yake yote ikapigwa picha pamoja na filamu. Tena sehemu ya ukingo wa picha ikakatwa na kubaki nje. Mikwaruzo iliyo juu ya ukanda wa asili inaweza kusafishwa. Iliyonakiliwa imekuwa sehemu ya picha, na hata mashine za leo za dijitali hupunguza tu, hazimalizi.

Kwa kutumia nakala hiyo, zikaongezwa takriban dakika 25, na filamu ikaonyeshwa Berlin mwezi Februari 2010 pamoja na bendi iliyopiga muziki wa Huppertz. Mwaka huo huo ikatolewa katika diski nchini Uingereza na Marekani. Mtazamaji aliyeketi nyumbani kwake huziona zile sehemu zilizotoka Argentina bila kuambiwa: picha inakuwa na mikwaruzo kama mvua, na pembeni mwake pana ukingo mweusi. Warejeshaji hawakuuficha ukingo huo kwa kuikuza picha. Waliuacha ili kila mtu aone nini kimetoka wapi. Yako pia matukio mafupi ambayo hayakupatikana, kama vile mahubiri ya mtawa na ugomvi wa Fredersen na Rotwang. Hayo yameelezwa kwa vibao vya maandishi.

5. Vitenzi Vitano

Historia hiyo fupi inatupa vitenzi vitano, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni "kuhifadhi". Hii ni kazi isiyo na mwisho: kuuweka ukanda mahali penye baridi na pakavu, kuukagua, na kuutenga ukiugua. Kwa sababu hiyo tunawashauri waandishi wa fomu wasiulize kama filamu "imeshahifadhiwa", bali waulize "inahifadhiwa wapi na katika hali gani". Kuhifadhi ni kama kulea. Halina siku ya kumalizika.

Cha pili ni "kunakili", yaani kuihamisha picha kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine, au kutoka ukanda kwenda katika faili la dijitali. Kazi hii ina mwanzo na mwisho, na maelezo yake hayakamiliki mpaka yatajwe mambo mawili: kimenakiliwa nini, na kimenakiliwa katika nini. "Imenakiliwa" peke yake ni habari nusu.

Cha tatu ni "kukarabati". Neno hili limezoeleka katika majengo na barabara, na linafaa hapa kwa maana ile ile ya kushughulikia kitu chenyewe: kubandika ukanda uliokatika, kuziba matundu ya pembeni yaliyochanika, kuosha vumbi na mafuta. Anayekarabati hagusi maudhui ya filamu. Ukanda wake ukiwa na nusu ya hadithi, baada ya ukarabati utakuwa na nusu ile ile ya hadithi, ila utapita katika mashine bila kukatika.

Cha nne ni "kuunga". Mganga huunga mfupa, na fundi huunga mbao. Katika filamu, kuunga ni kuzilinganisha nakala mbalimbali na kuvipanga vipande vyake katika mfuatano mmoja. Wasomi wa fasihi yetu wanaifahamu kazi hii kwa jina jingine, kwa maana wahariri wa tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hufanya vivyo hivyo: huweka miswada pamoja, huona beti zilizopungua katika mmoja na kuzidi katika mwingine, na kuamua mpangilio. Tunaliepuka neno "kuunda upya", kwa kuwa linakaribia mno kutengeneza filamu mpya.

Cha tano, nacho ndicho kikuu, ni "kurejesha". Wako wanaopenda "kufufua", na katika matangazo ya biashara neno hilo lina mvuto. Lakini kinachofufuliwa kilikuwa kimekufa, na filamu nyingi zinazorejeshwa hazijafa bali zina majeraha. Wako wanaotumia "kuhuisha", lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na ofisi kwa maana ya kuzipatia taarifa hali ya sasa, kinyume kabisa cha maana tunayoitaka. Nomino "marejesho" nayo imekwisha kuwa mali ya wahasibu, ambao huitumia kwa malipo ya mikopo na masurufu. Kwa hiyo tunapendekeza kitenzi "kurejesha" na nomino "urejeshaji".

Kuna sababu ya kisarufi inayotufanya tulipende neno hili. Kurejesha hudai kukamilishwa. Mtu akisema "nimekirejesha", msikilizaji huuliza, "Wapi?" Ndivyo inavyopasa kuwa katika filamu. Hakuna kurejesha kusiko na mahali pa kurejea. Na Metropolis ilikuwa na maumbo mengi: la onyesho la kwanza, la Marekani, na lile lililofupishwa Ujerumani. Kwa hiyo kila palipoandikwa "imerejeshwa" na pafuate "katika umbo la". Mathalan: "Filamu hii ilirejeshwa mwaka 2010 katika umbo la onyesho la kwanza la tarehe 10 Januari 1927, kwa kuunga nakala kadhaa, baadhi ya matukio hayakupatikana, na yameelezwa kwa vibao." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "imetengenezwa upya", lakini mnunuzi akiisoma anajua alichonunua.

Tunaongeza kwamba si kila kazi nzuri juu ya filamu ya zamani ni urejeshaji. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder alitoa Metropolis yenye rangi na nyimbo za siku hizo, akayaondoa maneno ya vibao vingi na kuyaweka chini ya picha. Watu wengi waliifahamu filamu hiyo kwa njia hiyo, na hilo ni jambo la shukrani. Hata hivyo, hakuirejesha katika umbo lolote lililopata kuwako. Aliipa umbo jipya. Kazi hiyo tuiite "urekebishaji".

6. Mwendo, Rangi na Muziki

Mambo matatu huwasumbua sana wafasiri wa vijitabu vinavyoambatana na diski.

La kwanza ni mwendo. Filamu za sauti zilifungwa katika mwendo mmoja wa picha 24 kwa sekunde. Filamu bubu hazikufungwa hivyo. Mpiga picha alizungusha mtambo wake kwa mwendo wa picha 16, 18, 20 au zaidi, na mwonyeshaji naye aliweza kuongeza au kupunguza. Kwa sababu hiyo urefu wa filamu bubu hutajwa kwa meta, si kwa dakika. Meta 4,189 za Metropolis huchukua takriban dakika 153 kwa mwendo wa picha 24, na takriban dakika 184 kwa mwendo wa picha 20, ingawa hapana hata picha moja iliyoongezwa. Mfasiri akiona dakika zimetofautiana kati ya diski mbili asikimbilie kuandika kwamba moja imekatwa. Filamu ya Carl Theodor Dreyer juu ya mateso ya Jeanne d'Arc, ya mwaka 1928, ni mfano mwema: kampuni ya Criterion ilipoitoa katika Blu-ray mwaka 2018 iliweka mwendo wa picha 20 na wa picha 24 pamoja, mtazamaji achague.

La pili ni rangi. Ni kosa kudhani kwamba filamu bubu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kulikuwa na njia tatu, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja. "Kuchovya" ni kuutumbukiza ukanda mzima katika rangi, kama wafanyavyo mafundi wa batiki; usiku ulichovywa buluu, na moto ukachovywa nyekundu. "Kugeuza" ni kuibadili kwa kemikali ile fedha iliyomo katika picha, hata sehemu nyeusi zikawa na rangi na zile nyeupe zikabaki nyeupe. "Kupaka" ni kazi ya brashi na mkono, picha kwa picha. Filamu ya Georges Méliès juu ya safari ya mwezini, ya mwaka 1902, ilikuwa na nakala zilizopakwa hivyo. Nakala moja ilipatikana Barcelona mwaka 1993, ikiwa imegandamana vibaya. Iliporejeshwa na kuonyeshwa Cannes mwaka 2011, sehemu zilizokosekana zilichukuliwa katika nakala nyeusi na nyeupe, kisha zikatiwa rangi kwa dijitali ili zilingane na nyingine.

La tatu ni muziki. Jalada laweza kusema "muziki wa asili", "muziki uliotungwa upya" au "muziki uliokusanywa". Hayo si mamoja. Muziki wa Huppertz ni wa asili, kwa kuwa ulitungwa kwa ajili ya onyesho la kwanza, ijapokuwa ulirekodiwa juzi. Muziki wa kundi la Air uliowekwa katika filamu ya Méliès mwaka 2011 ni mpya, ijapokuwa picha ni za mwaka 1902. Neno "asili" basi lihusu utungaji, na "kurekodiwa" litajwe mbali pamoja na mwaka wake.

7. Kutoa, Kuzindua, Kusambaza

Filamu ikiisha kurejeshwa huwafikia watu. Magazeti yetu huandika "imezinduliwa", "imetoka", "imeachiwa" na "imesambazwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Tunashauri "uzinduzi" libaki kuwa jina la sherehe. "Utoaji" uwe tendo la mwenye filamu kuifanya ipatikane, na "usambazaji" uwe kazi ya kuifikisha madukani na katika maktaba. Kwa utoaji usiohusu majumba ya sinema tuseme "utoaji kwa watazamaji wa nyumbani", iwe ni kwa kaseti, kwa diski au kwa njia ya intaneti. Chombo cha kuchezeshea kaseti au diski watu wamekwisha kukiita "deki"; hatuoni sababu ya kuwapa jina jingine.

Jambo zito zaidi hapa ni kutenganisha "umbo", "toleo" na "nakala". Umbo ni mpangilio wa filamu yenyewe: umbo la mwaka 1927, umbo la Marekani. Toleo ni kile kilichotolewa na kampuni fulani, mwaka fulani, pamoja na jalada na kijitabu chake. Nakala ni kitu kimoja kinachoshikika: ukanda huu, diski hii. Umbo moja laweza kuwa na matoleo kumi, na toleo moja likawa na nakala elfu kumi. Mkutubi akiyachanganya, atanunua mara mbili kitu alicho nacho, au atakikataa asicho nacho kwa kudhani anacho.

8. Orodha ya Istilahi Zinazopendekezwa

Filamu bubu: filamu ambayo ukanda wake hauna njia ya sauti.
Kibao: picha ya maandishi inayokatiza matukio ya filamu bubu ili kutoa maneno au maelezo.
Kuchovya, kugeuza, kupaka: njia tatu za zamani za kutia rangi, kama zilivyoelezwa katika sehemu ya 6.
Kuhifadhi: kuutunza ukanda usiharibike, kwa muda wote.
Kukarabati: kushughulikia uharibifu wa ukanda wenyewe bila kugusa maudhui.
Kunakili: kuhamisha picha kwenda katika ukanda au faili jingine.
Kurejesha katika umbo la: kuifanya filamu ifanane, kadiri iwezekanavyo, na umbo lake fulani lililopata kuonyeshwa.
Kuunga: kupanga vipande vya nakala mbalimbali katika mfuatano mmoja.
Msimulizi wa filamu: aelezaye matukio mbele ya watazamaji wakati filamu ikionyeshwa.
Mwendo: idadi ya picha zinazopita kwa sekunde.
Nakala, toleo, umbo: kama zilivyoelezwa katika sehemu ya 7.
Negativu: ukanda ambao weusi wake ni weupe wa picha, na ambao nakala za maonyesho hupigwa kutoka kwake.
Urekebishaji: kuipa filamu ya zamani umbo jipya lisilopata kuwako.
Utoaji kwa watazamaji wa nyumbani: kuifanya filamu ipatikane nje ya majumba ya sinema.

9. Hatima

Tumesema kwamba mradi wa Vugiri ulitengeneza filamu zipatazo 35. Zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu tu, na mojawapo inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Kanda hizo tatu zinatunzwa Uingereza. Hatusemi kwamba zile nyingine zilipotea kwa sababu ya neno lililoandikwa vibaya katika daftari. Twasema tu kwamba zingali zipo kanda nyingine za milimita 16, za miaka iliyofuata, katika stoo na makabati ya watu na ofisi za nchi zetu, na kwamba siku itafika ambapo mtu atatumwa kuziorodhesha. Mtu huyo atakuwa na kalamu na fomu iliyoandikwa kwa Kiswahili. Ikiwa fomu inamuuliza kama ukanda umenakiliwa, umenakiliwa katika nini, na ule wa asili unahifadhiwa wapi, ataujibu kila mmoja wa maswali hayo kabla ya kuinua mkono kutupa kitu. Ikiwa inamuuliza tu kama "imetengenezwa", atatia alama na kupita.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Walimu, wafasiri na watunza nyaraka wenye maneno yaliyo bora kuliko haya, hasa yale yanayotumiwa tayari na mafundi wa studio na waonyeshaji wa sinema wa zamani, wanaombwa watuandikie ili yafikiriwe pamoja na haya kabla ya kusanifiwa.